Shimo la Nani? A-unganifu, Mchimbaji na Mkaaji katika Maelezo ya Mashimo ya Wanyamapori



Natambua kwamba wapo waliosoma tangazo la mhadhara huu wakadhani kwamba limebandikwa katika ubao usiostahili, na kwamba mahali pake ni idara ya zoolojia. Dhana hiyo si ya kulaumiwa. Hata hivyo, naomba mniazime masikio kwa muda, kwa sababu jambo ninalolileta mbele yenu ni la sarufi na la kamusi kabla halijawa la wanyama.

Tuchukulie kwamba mtu anapita katika msitu wa miyombo, msitu wa aina ile inayoenea sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Tanzania, kutoka Tabora na Katavi hadi Ruvuma na Lindi. Anakuta shimo kubwa ubavuni mwa kichuguu, na rundo la udongo mbele yake. Anamgeukia mwenyeji anayemwongoza na kumwuliza: "Hili ni shimo la mnyama gani?" Mwongozaji anajibu: "La ngiri." Muulizaji anaridhika na safari inaendelea. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba swali hilo, kama linavyoulizwa katika lugha yetu, si moja bali ni matatu, na kwamba jibu lililotolewa limejibu moja tu kati ya hayo matatu bila kusema ni lipi. Madhara ya utata huo si ya kitaaluma pekee. Yanaweza kumfikia mfugaji akapoteza zizi zima.

Utata wa a-unganifu

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huufahamu mfano wa "picha ya Juma". Inaweza kuwa picha inayomwonyesha Juma, au picha aliyoichora Juma, au picha ambayo ni mali ya Juma ingawa imechorwa na mwingine na inamwonyesha mtu wa tatu. A-unganifu huunganisha nomino mbili na kutuachia sisi, kwa msaada wa muktadha, kazi ya kuamua uhusiano uliopo baina yao. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutosha. Tunaposema "nyumba ya fundi Saidi" tunajua, kwa kuwa tunamjua fundi Saidi, kama tunazungumzia anakoishi au aliyoijenga akalipwa na kwenda zake.

Porini muktadha huo haupo. Tunaposema "shimo la ngiri" tunaweza kuwa na maana ya shimo lililochimbwa na ngiri, au shimo ambalo ngiri yumo sasa hivi, au shimo ambalo ngiri alipata kukaa na huenda akarudi. Binadamu tumezoea kufikiri kwamba mambo haya huenda pamoja. Tumekaririshwa tangu utotoni kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo ina hekima yake katika mambo ya watu, lakini kwa mashimo ya pori la Afrika haisimami, maana mchimbaji mkuu ni mmoja na wanaoingia ni wengi.

Mchimbaji huyo ni muhanga. Wengi katika hadhira hii wanalijua jina kwa maana yake nyingine, ile ya kujitoa mhanga, na homonimia hii, ambayo tahajia ya mhanga na muhanga haijaitatua, imemfanya mnyama mwenyewe azidi kusahaulika. Ana uzito wa kilo 40 hadi 65 hivi, masikio marefu kama ya punda, pua ndefu iliyokatika mbele kama ya nguruwe, na mkia mnene wenye kuchongoka. Wataalamu wa uainishaji wamempa oda yake peke yake kwa kuwa hana ndugu wa karibu aliye hai, na hata meno yake hayana enameli bali yameundwa kwa vineli vidogo vilivyoshikamana. Miguu ya mbele ina vidole vinne na ya nyuma vitano, vyenye kucha pana na bapa mithili ya sepetu. Hutoka usiku kutafuta mchwa na sisimizi, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuishi miaka mingi jirani naye asimwone hata mara moja, huku akiyaona mashimo yake kila siku.

Uchimbaji wake si wa namna moja, na hapa msamiati wetu unastahili kusifiwa. Muhanga hufukua mchwa, lakini huchimba makao. Kufukua ni kutoa kilichomo ardhini, nacho ni kitenzi cha kauli ya kutendua kinachokabiliana na fukia kama zibua inavyokabiliana na ziba. Fukuo lake la chakula ni fupi, mara nyingi mkato mmoja tu katika ubavu wa kichuguu. Makao, kwa upande mwingine, huweza kwenda mita kadhaa chini ya ardhi na kuwa na midomo zaidi ya mmoja. Ngiri hutifua udongo kwa pua akiwa amepiga magoti. Kuku hupekua. Mzungumzaji aliyelelewa shambani havichanganyi vitenzi hivi, na anaposema "hapa pamefukuliwa" badala ya "hapa pamechimbwa" ametupa habari nusu ya ile tuliyoitafuta.

Muhanga ana desturi ya kuhamahama. Huacha shimo na kuchimba jingine, na mashimo yaliyoachwa hupata wapangaji: ngiri, nungunungu, fisi, bweha, nyegere, mbwa mwitu, kakakuona, chatu, kenge, na popo. Katika nyanda za majani za kusini mwa bara letu yuko mbayuwayu wa rangi ya buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, ambaye hujenga kiota chake ndani ya mashimo hayo. Ngiri ana uwezo wa kuchimba na kupanua, lakini kwa kawaida hupendelea kurithi. Kwa hiyo "shimo la ngiri" mara nyingi ni shimo la muhanga, na sentensi hiyo niliyoitamka sasa hivi, ambayo kimantiki inaonekana kujipinga, ni sahihi kabisa kwa Kiswahili.

Kusoma mdomo wa shimo

Je, mtaalamu wa porini hutofautishaje? Sitataja dalili zote, maana nyingine ni za kawaida na kila mtu anaweza kuzibuni. Niseme machache juu ya zile ambazo lugha inahusika nazo.

Dalili ya mchimbaji hutafutwa katika kuta, na dalili ya mkaaji hutafutwa sakafuni. Kucha za muhanga huacha mifereji mipana ukutani, nayo hudumu muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka. Nyayo zilizo mlangoni ni za aliyepita mwisho. Ikiwa kuta zina mifereji ya kucha na sakafu ina alama za kwato mbili mbili, hakuna mgongano wa ushahidi. Aliyechimba ana kucha, na anayeingia ana kwato. Vivyo hivyo kwa kinyesi: muhanga hukifukia chake, na fisi huacha kinyesi kinachogeuka cheupe kikikauka, kwa sababu ya mifupa anayoila.

Mifupa yenyewe ni shahidi anayehitaji kuhojiwa kwa uangalifu. Wengi wakiiona mlangoni husema papo hapo, "fisi." Lakini nungunungu naye, ambaye hali nyama, hubeba mifupa mikavu na kuipeleka shimoni ili aitafune na kuyanoa meno yake. Mfupa wa fisi una vishimo vya magego na umevunjwavunjwa. Mfupa wa nungunungu umekwanguliwa kwa mifereji sambamba, kana kwamba fundi seremala ameupitishia patasi. Wanaakiolojia wanaochunguza mapango ya kale hulazimika kuitofautisha mifupa hiyo kabla hawajathubutu kusema kwamba iliachwa na binadamu. Mwiba mmoja ulioanguka humaliza ubishi, ila miiba haianguki kila siku.

Fisi madoa ana jambo la pekee ambalo hulitatiza hata jicho lililozoea. Shimo ambamo watoto wa fisi hulelewa huwa na mdomo mpana, lakini ndani yake mna vichochoro vyembamba ambavyo fisi mzima hawezi kuvipita. Watoto huvitumia kujificha, na huvipanua wenyewe kwa kuchimba. Shimo moja, basi, linaweza kuwa na wachimbaji wa spishi mbili na wa vizazi viwili. Tukiulizwa ni la nani, a-unganifu itatusaidia nini?

Lugha haikutuacha mikono mitupu, hata hivyo. Tunazo ngeli tatu za mahali, nazo zinalingana na sehemu tatu za uchunguzi kwa namna ambayo sijui mfano ulio bora zaidi wa kufundishia. "Shimoni pana nyayo" inatuweka mdomoni mwa shimo, mahali mahususi panapoonekana. "Shimoni kuna nyayo" inatupeleka upande ule wa jumla, pamoja na njia zinazoelekea huko. "Shimoni mna mnyama" inatuingiza ndani. Hali kadhalika yupo, yuko na yumo. Katika matumizi ya mjini tofauti hizi zimefifia kiasi kwamba "yupo" imebeba mzigo wa zote tatu, na sioni haja ya kuwafokea vijana kwa sababu hiyo, kwani mjini si rahisi tofauti hiyo kumdhuru mtu. Porini huweza kudhuru. Ngiri mzima huingia shimoni kinyumenyume, matako yakitangulia, ili pembe zake za meno zibaki zikiutazama mlango, na akishtuliwa hutoka kwa kasi moja kwa moja. Anayejua kwamba ngiri yumo husimama kando ya mdomo wa shimo au juu yake, si mbele yake. Aliyeambiwa tu kwamba "yupo" huenda akainama kuchungulia.

Njeo nazo zina kazi. "Ngiri ameingia" ni kauli ya hali iliyopo: aliingia na matokeo ya kuingia kwake bado yanaendelea. "Ngiri aliingia" ni habari ya tukio lililokwisha, nayo haisemi lolote juu ya alipo sasa. Mfuatiliaji wa nyayo anapochagua -me- anatoa hukumu, nayo ina ushahidi wake: udongo ulio mbichi bado, majani yaliyolazwa ambayo hayajainuka, nzi wanaozunguka mdomoni. Utando wa buibui uliotanda mlangoni humrudisha kwenye -li-. Nimewahi kusoma maelezo ya sarufi yenye kurasa nyingi juu ya tofauti ya viambishi hivi, na mifano yake yote ilikuwa ya watu waliokwenda sokoni. Nadhani mfano wa shimo ungeokoa kurasa kadhaa.

Aliyekuwamo

Nimesema kwamba maswali ni matatu: nani alichimba, nani yumo, na nani alikuwamo. Swali la pili lina maslahi ya wazi kwa mtu aliyesimama mlangoni. Swali la kwanza lina maslahi kwa mhifadhi, kwa sababu muhanga akitoweka mahali fulani mashimo ya zamani hubomoka bila kuzaliwa mapya, na wapangaji wote niliowataja hukosa pa kujihifadhi na jua, moto na maadui. Swali la tatu ndilo linalopuuzwa, nalo ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Kiswahili hutofautisha kupe na papasi. Kupe wa kawaida hung'ang'ania mwilini mwa ng'ombe au mbwa kwa siku kadhaa. Papasi hana tabia hiyo. Yeye hukaa katika nyufa za kuta na katika udongo wa sakafu, hutoka kumnyonya aliyelala, hushiba kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Papasi wa nyumbani anajulikana sana katikati ya Tanzania kwa homa inayobeba jina lake, homa inayopoa na kurudi tena. Nduguze wa porini hukaa katika mashimo ya ngiri. Lugha nyingi huwaweka wadudu hawa wawili chini ya jina moja na kuongeza kivumishi. Wahenga wetu waliona inafaa kumpa kila mmoja jina lake, na kwa kufanya hivyo waliweka ndani ya leksimu habari ya pale mdudu anapopatikana: kupe mtafute mwilini, papasi mtafute mahali.

Papasi wa mashimo ya ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu na Montgomery, mwaka 1921, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Ngiri mwenyewe hauguzwi navyo. Watoto wake huvipata wakiwa shimoni kwa kuumwa na papasi, na papasi wengine huvipata kutoka kwa watoto hao, na mzunguko huo huendelea bila dalili yoyote ya nje. Nguruwe wa kufugwa akivipata, mara nyingi hufa katika siku chache, na zizi zima huweza kumfuata. Haviambukizi binadamu, na hakuna dawa ya kumtibu nguruwe aliyeugua. Mwaka 2007 ugonjwa huo uliingia Georgia na kusambaa hadi Urusi na Ulaya ya Mashariki, na mwaka 2018 ulifika China.

Sasa turudi kwa mfugaji mdogo aliyelisogeza banda lake karibu na mwitu, au anayewaachia nguruwe wake wazurure. Shimo lililo karibu lilichimbwa na muhanga. Ngiri alikaa humo akazaa. Ngiri aliondoka, na sasa yumo nungunungu. Papasi wanaweza kustahimili muda mrefu sana bila kula, hata miaka. Kwa mfugaji huyu, habari kwamba shimo ni la muhanga haina hatari yoyote ndani yake, na habari kwamba ni la nungunungu humfanya ahofie mihogo yake tu. Habari inayohusu nguruwe wake ni ya mpangaji wa kati, ambaye hakuchimba wala hayumo. Akiuliza "shimo hili ni la nani?" atajibiwa, kwa ukweli mtupu, jina moja au jingine kati ya yale mawili yasiyomsaidia. Inampasa aulize: "Humu alipata kukaa ngiri?" Sentensi hiyo haihitaji istilahi mpya wala mkopo. Inahitaji kiambishi cha mahali, kitenzi kisaidizi, na mazoea ya kuuliza.

Nafahamu kwamba wapo watakaosema: hiyo ni kazi ya maofisa mifugo. Ni kweli, lakini maofisa hao huandika vijarida vyao kwa Kiswahili, na "epuka mashimo ya ngiri" ni sentensi ambayo mkulima ataielewa kuwa ni mashimo anamoona ngiri akiingia leo.

Asiye na mlango

Yuko mchimbaji mmoja ambaye methali yetu inamfaa, naye ni fuko. Huchimba mwenyewe, hukaa mwenyewe, na hatuachii hata mdomo wa shimo wa kuuchungulia, kwa kuwa husukuma udongo nje na kuuziba mlango nyuma yake. Tunaona vilima vidogo vya udongo bila tundu. Umbo la neno linashawishi kulihusisha na fukua na fukia, na sina sababu ya kuupinga ushawishi huo, ila mwanafunzi aangalie asichanganye fuko huyu na fuko hili la kubebea nafaka, ambalo ni ukubwa wa mfuko. Upatanisho wa kisarufi unatosha kuwatenganisha. Wa ajabu kuliko wote ni fuko asiye na manyoya wa kaskazini na mashariki mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, ambaye Jennifer Jarvis alionyesha mwaka 1981 kwamba huishi kwa makundi yenye malkia mmoja anayezaa, kama nyuki. Yeye huutupa udongo nje kupitia tundu dogo, na vilima vyake hufanana na volkano ndogo zinazofuka vumbi asubuhi.

Vitomeo

Namalizia kwa kamusi. Tangu kamusi ya Krapf ilipochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake, kupitia kazi za Johnson na Sacleux zilizotoka mwaka mmoja, 1939, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zilizofuata, majina ya wanyama yamekusanywa kwa bidii kubwa. Lakini mazoea ya kutoa fasili yamebaki ya mtu anayemtazama mnyama mchana, akiwa amesimama ubavu: ukubwa, rangi, mkia, na anayefanana naye. Mnyama wa usiku anayeishi chini ya ardhi hatambuliwi kwa njia hiyo. Anatambuliwa kwa alichokiacha.

Ningependekeza, kwa mfano, kitomeo cha aina hii: *muhanga* nm wa- [a-/wa-] mnyama wa usiku mwenye masikio marefu na kucha pana, anayekula mchwa na kuchimba mashimo makubwa ambayo baadaye hukaliwa na wanyama wengine kama ngiri na nungunungu. Na katika *ngiri*, ambacho tayari kina kazi ya kujitenga na ngiri ya maradhi, ningeongeza kwamba hukaa katika mashimo, aghalabu yaliyochimbwa na muhanga, na kumwelekeza msomaji kwenye *papasi*. Kitomeo cha *papasi* nacho kitaje shimo pamoja na nyumba. Haya ni maneno machache katika kila kitomeo. Wanafunzi watakaokwenda uwandani mwakani wanaweza kuanza kwa kukusanya, katika lugha za bara wanazozizungumza nyumbani kwao, vitenzi vya kuchimba na majina ya sehemu za shimo, na kuangalia kama lugha hizo zina njia fupi kuliko yetu ya kutenga shimo la aliyechimba na shimo la aliyekaa. Fomu za kukusanyia data nimezikabidhi kwa katibu wa idara.

Nakaribisha maswali.